Lori limepinduka barabara kuu: mwongozo kwa kikosi cha zimamoto cha kujitolea

Sisi tunaokaa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya tunaujua ule mlio. Kwanza breki, halafu mshindo mmoja mzito, halafu kimya. Gari la zimamoto linatoka mjini, na hata dereva wake akikimbiza namna gani, atawakuta wanakijiji wameshafika. Ndiyo maana kikundi chetu kipo: watu kumi na wawili, mafundi, bodaboda, mama lishe wawili na mwalimu mmoja, tuliofundishwa kwa siku chache na askari wa zimamoto pamoja na watu wa Msalaba Mwekundu.

Nawaandikia wenzetu walio kwenye vikundi kama hiki, au wanaotaka kuanzisha. Mafunzo ya kushika vifaa kwa mikono yako huwezi kuyapata kwenye maandishi, hayo mkayaombe kituo cha zimamoto cha wilaya. Hapa nazungumzia zile dakika thelathini au arobaini ambazo mko peke yenu na lori, majeruhi na umati.

Kabla ya siku yenyewe

Vifaa vikae sehemu moja, na ufunguo wake ujulikane na watu wawili wanaoishi karibu. Sisi tuna sanduku la bati nyuma ya ofisi ya kijiji. Ndani yake kuna vizibao vya kuakisi mwanga, pembetatu za barabarani, tochi, filimbi, kamba ndefu, mtalimbo, shoka, msumeno wa chuma, jeki mbili za lori, glovu za ngozi kwa ajili ya vyuma na glovu za mpira kwa ajili ya damu, mkasi wa kukatia nguo, vitenge safi, mablanketi na machela. Kuna pia gunia la kabari za mbao, ambazo fundi seremala wetu alitukatia kutoka kwenye mabaki ya kazi zake bila kutudai hata shilingi. Ukiniuliza kifaa gani kimetusaidia zaidi, nitakutajia zile kabari.

Vizimamoto vya unga viwe vya kilo 9, na visipungue viwili. Kila mwezi angalia mshale kama uko kwenye kijani, kisha kigeuze mtungi juu chini ukiutikisa, kwa sababu unga ukikaa muda mrefu hushikamana chini. Kila mmoja wenu ajue kwamba mtungi wa kilo 9 unaisha ndani ya sekunde 20 hivi. Ni pumzi chache tu. Anayebonyeza kabla hajafika karibu ameumaliza bure.

Hatua ya 1: Kiongozi ni mmoja, na mikono yake haina kitu

Mtakapofika, mtu mmoja anakuwa kiongozi. Habebi majeruhi, hashiki mtalimbo, hapigi jeki. Anasimama pale anapoona lori lote na barabara pande zote mbili, anagawa kazi, anasikiliza. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, maana dereva analia ndani na wewe una mikono miwili. Lakini kiongozi akiinama tu juu ya majeruhi, hakuna tena anayeiona lori ya pili inayoshuka mlima.

Filimbi iko kwake. Sisi tumekubaliana hivi: mlio mmoja mrefu, kila mtu aache alichonacho akimbie kuelekea upepo unakotoka. Hakuna kuuliza kwanza.

Hatua ya 2: Simama mbali uangalie

Mita 50 kabla ya lori, simameni. Tupa vumbi hewani ujue upepo unaenda wapi, kisha zungukeni mje na upepo mgongoni. Vuta hewa: kuna harufu ya petroli? Ya kitu kikali kinachochoma macho? Angalia juu kama nguzo ya umeme imegongwa. Waya ukiwa chini au umelalia lori, kila mtu akae mita 10 na zaidi, na dereva aliye ndani aambiwe asishuke mpaka umeme ukatwe. Kushuka anaruhusiwa tu kama lori linawaka. Hapo aruke miguu ikiwa pamoja, asishike lori na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aondoke kwa hatua fupi fupi za kuburuza miguu.

Kisha tafuta mzigo ni nini. Barabara hii inapitisha mafuta, gesi, salfa na kemikali za migodini kuelekea Zambia na Kongo. Lori lenye mzigo wa hatari linatakiwa liwe na alama za umbo la almasi, na mengine yana kibao cha rangi ya chungwa chenye namba. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, ndiyo jina la mzigo: 1203 ni petroli, 1202 dizeli, 1075 gesi ya kupikia, 1830 asidi ya salfuriki, 1689 sayanidi ya sodiamu. Namba ya juu ikianza na herufi X, maji yasiguse mzigo huo kabisa. Zisome ukiwa mbali. Simu yenye kamera nzuri inavuta karibu. Usipoiona namba, muulize dereva kama anaongea. Usipopata jibu lolote, chukulia ni hatari mpaka uambiwe vingine.

Sayanidi, asidi, gesi au kitu msichokijua kikiwa kinavuja, kazi yenu inabaki kuwaweka watu mbali na kupiga simu. Najua inauma kumwacha mtu. Lakini anayeingia bila vifaa vya kupumulia anakuwa majeruhi wa pili, na atahitaji kuokolewa na watu walewale wachache.

Hatua ya 3: Zuia ajali ya pili

Hii ianze wakati uleule kiongozi anaangalia mzigo. Watu wawili, mmoja kila upande, wenye vizibao na tochi.

Fanya hesabu hii ukiwa nyumbani. Gari linalokuja na kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akikuona mpaka mguu wake ufike kwenye breki, ameshapita mita 30. Na hapo breki ndiyo kwanza zinaanza kushika lori na tela lake, ambavyo kisheria vinaweza kufika tani 56. Kwa hiyo pembetatu iliyowekwa hatua ishirini nyuma ya ajali haimsaidii mtu. Nenda mita 150 hadi 200 kila upande. Mteremkoni au lami ikiwa na maji, nenda mbali zaidi. Kama ajali iko baada ya kona, alama ikae kabla ya kona, dereva aione akiwa bado kwenye barabara iliyonyooka.

Matawi ya miti kila dereva wa Afrika Mashariki anayaelewa, kwa hiyo yatumieni. Yapangeni kuanzia mbali, tawi dogo pembeni kwanza, kisha mengine yakiingia taratibu kuelekea katikati. Mtu anayesimamisha magari asimame pembeni ya lami, awe na njia ya kukimbilia, na asiipe mgongo barabara hata sekunde moja. Kazi ikiisha, matawi yote yaondolewe. Matawi yaliyosahaulika usiku ni mtego kwa mwenye pikipiki.

Hatua ya 4: Piga simu, na uipige vizuri

Tanzania, zimamoto na uokoaji ni 114, polisi ni 112. Apige mtu mmoja aliyetajwa kwa jina na kiongozi, maana ukisema "mtu apige simu" kila mmoja atadhani mwenzake amepiga. Aseme mahali kwa nguzo ya kilomita, daraja au jina la kijiji, na upande lori lilikokuwa linaelekea. Aseme aina ya gari na mzigo, namba ya kibao kama imeonekana, majeruhi wangapi na wangapi wamenaswa, na kama kuna moto au kuvuja. Asikate simu mpaka aambiwe akate. Kama mtandao unasumbua, bodaboda mmoja apande kilimani apige kutoka huko.

Hatua ya 5: Likiwa lori la mafuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapokwisha.

Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka asubuhi. Watu wakaenda na madumu. Mlipuko ulipotokea uliwakuta wakiwa wamelizunguka, na walipohesabiwa wote, pamoja na waliofia hospitalini siku zilizofuata, walikuwa zaidi ya 100. Kenya walishayaona hayohayo Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009. Kongo waliyaona Sange, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, Julai 2010, na huko waliokufa walizidi 200. Lori limelala, mafuta yanamwagika, watu wanakuja na ndoo. Waliokufa hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye shida walioona petroli ya bure na hawakuona mvuke.

Mvuke ndio wa kuwaeleza. Petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi kali, sembuse jua la saa sita. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi. Unatambaa chini, unafuata mtaro na mabonde, unakwenda hadi kwenye jiko la mkaa la mama anayechoma mahindi mita mia moja kutoka kwenye lori. Moto ukishika pale, unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye tenki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzima majiko yote upande upepo unakokwenda, maji au mchanga, haraka. Pikipiki na magari yaliyo karibu yasiwashwe. Yasukumwe. Sigara, simu mkononi, tochi za kubahatisha, vyote vikae mbali. Betri ya lori isiguswe kabisa kama kuna harufu ya petroli, maana cheche moja ya nyaya zake inatosha.

Umati uwe angalau mita 50 kutoka pale mafuta yalipofika, na kama yamemwagika mengi, upande wa chini wa upepo uwe mita 300. Lori likianza kuwaka, waondoeni watu mita 800 pande zote. Hiyo ni kama viwanja nane vya mpira vikipangwa kwa urefu. Kizimamoto chenu hakina kazi kwenye tenki linalowaka. Mkisikia mluzi wa mvuke kwenye valvu za tenki unapanda, au mkiona bati la tenki linabadilika rangi, filimbi ipigwe na kila mtu aondoke.

Namna ya kuongea na umati ina uzito wake. Kupiga kelele "ondokeni!" na kuwasukuma huleta ugomvi, na ugomvi unawavuta wengine. Sisi tunamtafuta mwenyekiti wa kijiji, shehe, mchungaji, mwanamke anayeheshimika sokoni, tunawapa maneno waseme: "Ndugu zangu, wazee wangu, hewa hii mnayosimama ndani yake ni petroli. Hamwioni, lakini inawaka. Nawaomba turudi mpaka kwenye ule mwembe." Taja mahali penye jina. Watu wanarudi kirahisi wakijua wanarudi mpaka wapi. Vuteni kamba hapo kwenye mwembe, na watu wenu wawili wabaki nayo wakiongea nao muda wote.

Kama mna watu wa kutosha na upepo uko mgongoni, chimbeni udongo kwa mbali na kuziba mtaro chini kabisa, mafuta yasifike mtoni wala kwenye nyumba. Msimwage maji kwenye petroli. Inaelea juu yake na kusafiri nayo.

Hatua ya 6: Lori lisisogee

Kama hakuna petroli wala kemikali, sasa mnaweza kukaribia. Lori lililolala au kuegemea gema bado linaweza kuteleza. Pigeni kabari pande zote mbili za magurudumu yanayogusa chini, na jazeni mbao au magogo pale kichwa cha lori kinaponing'inia. Breki ya upepo msiiamini kwenye gari lililoumia. Zima injini, toa ufunguo, uingie mfukoni mwa kiongozi. Kisha kata umeme kwenye betri, ukianza na waya wa hasi.

Hatua ya 7: Moto mdogo

Moto mwingi wa malori kwenye miteremko huanzia kwenye breki na tairi. Usilikabili tairi linalowaka kwa ubavu, yaani mbele ya rimu, maana likipasuka linarusha vyuma upande huo. Njoo kwa mshazari, umeinama, na upepo mgongoni. Mita kama tatu, toa pini, elekeza chini ya mwali, bonyeza, fagia kushoto na kulia. Unga unaua mwali lakini mpira hubaki na joto na kuwaka tena, kwa hiyo ndoo za maji zifuate mfululizo. Mitungi yote ikiisha na moto bado upo, rudini nyuma.

Hatua ya 8: Majeruhi

Paza sauti: "Anayeweza kutembea aje kwangu!" Waliokuja wana muda. Nenda kwa wasiolia. Anayepiga kelele anapumua. Aliyekaa kimya huenda hapumui.

Damu inayotoka kwa nguvu ndiyo ya kwanza. Kandamiza kwa kitenge safi na uzito wa mwili wako, dakika kumi bila kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na haikomi, funga kitambaa chenye upana wa vidole vitatu juu kidogo ya jeraha, upande wa kiwiliwili, si kwenye jeraha lenyewe, kaza kwa kijiti mpaka damu isimame, na uandike saa kwa kalamu kwenye ngozi yake. Kamba nyembamba au waya usitumie, unakata nyama. Usikilegeze tena. Hiyo ni kazi ya daktari.

Asiyejitambua lakini anapumua, mlinde shingo: mtu mmoja apige magoti kichwani kwake, amshike kichwa kwa mikono miwili, asimwache. Akianza kutapika mgeuzeni mwili mzima pamoja kama gogo. Aliyeungua, mmwagilie maji safi ya kawaida dakika 20, kisha mfunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mayai, unga, mafuta, vyote hapana. Majeruhi mkubwa asinyweshwe maji hata akiomba. Na wote wafunikwe blanketi hata mchana, kwa sababu aliyepoteza damu anapata baridi haraka.

Kama mnalazimika kuwasafirisha kwa pikapu, walazwe kwenye godoro au ubao, si kukunjwa kwenye siti. Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, isimcheleweshe mtu. Polisi wakifika itaandikwa.

Hatua ya 9: Aliyenaswa

Mtu mmoja abaki na dereva tangu mwanzo mpaka mwisho. Kazi yake ni kuongea naye. "Kaka, naitwa fulani, niko hapa, siondoki. Unasikia miguu?" Mweleze kila mlio kabla haujatokea: sasa tunavunja kioo, sasa tunapiga nyundo. Mfunike uso kwa blanketi kioo kinapovunjwa.

Jaribuni njia nyepesi kwanza. Mara nyingi siti inarudi nyuma ukivuta kishikio chake cha chini. Mguu uliobanwa na pedeli, kata kamba za kiatu. Nimeona mara mbili mguu unatoka na kiatu kinabaki palepale, wakati watu walikuwa wameshaanza kutafuta msumeno. Mkitumia jeki, inueni kidogo, pakieni mbao, inueni tena kidogo, mikono ya watu isiingie kwenye pengo.

Msifunge mnyororo kwenye kichwa cha lori na kukivuta kwa gari lingine. Najua linafanyika kila siku. Chuma hakifungukii upande unaoutaka, na mnyororo ukikatika unaua. Na kama mtu amebanwa paja au kiuno kwa muda mrefu, inakaribia saa nzima, msiunyanyue mzigo kabla hamjaongea na daktari kwa simu. Sumu iliyojikusanya kwenye nyama iliyobanwa inaweza kuusimamisha moyo mara inapoachiwa.

Hatua ya 10: Hesabu watu

Usiku mmoja wa masika lori la mahindi lilituangukia karibu na darasa la shule ya msingi. Tulimtoa dereva ndani ya saa moja, na muda wote alikuwa akirudia neno moja: "Mdogo wangu, mdogo wangu." Tukadhani anamwita ndugu wa nyumbani. Akapakiwa, akaondoka. Mama lishe wetu ndiye aliyepiga tochi ndani ya kichwa cha lori na kuuliza: "Mbona kuna ndala jozi mbili?" Utingo tulimkuta kwenye mtaro, magunia yamemlalia mpaka kifuani, mguu umevunjika, sauti haitoki. Alikuwa hai. Tulikuwa tumepita juu ya magunia yale mara nyingi sana.

Tangu siku hiyo swali la kwanza kwa dereva ni "mlikuwa wangapi?", na hata akijibu, tunatafuta. Angalia kitanda kilicho nyuma ya siti. Angalia chini ya tela, juu ya mzigo walikopanda abiria wa lifti, kwenye mtaro, na shambani pande zote hadi mita 30. Hesabu viatu, sahani, simu zinazoita. Mtu mmoja ayafanye haya bila kupewa kazi nyingine.

Hatua ya 11: Kukabidhi

Zimamoto wakifika, kiongozi anawafuata, wao hawamtafuti. Anasema kwa ufupi: mzigo, majeruhi wangapi na wako wapi, nani amenaswa na tangu saa ngapi, nini kimekatwa, nani hajapatikana. Anatoa ufunguo wa lori. Kuanzia hapo amri ni yao, na ninyi mnakuwa mikono yao.

Simu na pochi za majeruhi ziwekwe kwenye mfuko mmoja, ziandikwe mbele ya mwenyekiti, wapewe polisi. Mzigo ulindwe. Na hakuna picha za marehemu. Mke wa dereva asiione sura ya mumewe kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapigiwa simu na mtu.

Hatua ya 12: Kesho yake

Osheni vifaa, hesabuni kabari, pelekeni mitungi ikajazwe hata kama imetumika nusu. Mliogusa damu bila glovu au mliochubuka, nendeni zahanati siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze mapema na hazifai tena baada ya saa 72.

Jioni kaeni pamoja. Sisi tunakaa kwa mama lishe, chai na maandazi, kila mmoja anasimulia alichokiona. Asiyetaka kusema asilazimishwe, lakini aje. Wiki moja baadaye kiongozi awapitie nyumbani mmoja mmoja awaulize wanalalaje. Kijana aliyekaa na yule dereva hakulala siku nne, na tulijua kwa sababu mama yake alituambia.

Yule utingo alirudi mwezi wa nane, anatembea kwa fimbo, kuchukua ndala zake. Zilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya kabari.